Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Kilimanjaro: ndege wa Nyumba ya Mungu, Jipe na majaruba ya Moshi wahesabiwe

Moshi, 2 Februari

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro. Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya za Moshi na Mwanga. Wakurugenzi wa Halmashauri husika. Na Mwenyekiti wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

YAH: OMBI LA KUFANYA HESABU YA NDEGE WA MAJI KILA JANUARI KATIKA ARDHI OEVU ZILIZO NJE YA HIFADHI

Waheshimiwa,

Leo ni Siku ya Ardhi Oevu Duniani, siku ya kukumbuka mkataba uliotiwa saini katika mji wa Ramsar nchini Iran tarehe 2 Februari 1971, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2000. Nimeichagua siku hii kuwaandikia kwa sababu ombi langu linahusu ardhi oevu ambazo hazimo katika orodha ya mkataba huo, nazo ni Bwawa la Nyumba ya Mungu, Ziwa Jipe, na majaruba ya mpunga yaliyo kusini mwa mji wa Moshi, kuanzia Mabogini hadi Chekereni. Naomba ndege wa maji wanaoishi na wanaotua katika maeneo haya wahesabiwe kila mwaka mwezi Januari, wahesabiwe na watu wa hapa, na hesabu hiyo iwe mojawapo ya nyaraka zinazosomwa kabla ya kuamua juu ya ugawaji wa maji, kilimo cha kandokando, uchomaji wa matete na unyunyiziaji wa viuatilifu.

Mimi ni mwongoza watalii, na kazi yangu iko tambarare, pamoja na wageni wanaokuja kutazama ndege. Naifahamu hali ya maeneo haya kwa kuyaendea mara kwa mara, na kwa kuzungumza na wavuvi, wakulima na wafugaji ambao wanayafahamu kuliko mimi.

Hapa Moshi macho ya watu huelekea juu. Mlima ndio unaotuletea wageni na ndio unaotupa maji, na ni haki mipango yetu ya uhifadhi ianzie huko. Jirani zetu wa Arusha nao wana maziwa yaliyotunzwa: maziwa ya Momela yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, Ziwa Manyara limekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1960, na Ziwa Natron, ambako heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote huzaliana, liliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2001. Huko kuna ulinzi wa kisheria na kuna watafiti wanaoingia na kutoka. Maji ya bondeni kwetu hayana geti. Yana wavuvi, wafugaji, wakulima wa mahindi, nyanya na vitunguu, mashine za kusukuma maji, na ndege, na kati ya wote hao ni ndege peke yao ambao hakuna ofisi ya wilaya yenye jukumu la kujua idadi yao.

Msimu wenyewe ni huu tulio nao. Kuanzia Desemba hadi masika yanapoingia mwezi Machi, jua la bondeni huwa kali, na maji ya Nyumba ya Mungu hushuka kwa kuwa yanaendelea kutolewa kwa ajili ya umeme na mashamba ya chini, wakati mito inayoyaleta, Kikuletwa na Ruvu, imepungua. Anayepita kwa gari huona ukingo mpana wa matope yaliyopasukapasuka, akaona ukame na basi. Lakini tope lililoachwa na maji wiki hiyohiyo limejaa minyoo, mabuu ya wadudu na konokono wadogo, na kila ndege ana mahali pake kwa kadiri ya urefu wa miguu na mdomo wake. Upande wa Lang'ata, ukitulia asubuhi nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, utawaona vitwitwi wadogo kabisa, wenye uzito wa gramu 25 hivi, wakikimbia palepale maji yanapokutana na tope na kudonoa juujuu bila kupumzika. Hatua chache mbele yao wako vitwitwi wakubwa zaidi, ambao huzamisha mdomo wote na kuuchomoa ukiwa na kitu. Mbele zaidi wamesimama wale wenye miguu mirefu ya rangi nyekundu, weusi mgongoni na weupe kifuani, na kwenye kina kirefu wako mwari, mnandi na mbizi. Maji yakipanda au kushuka kwa sentimeta chache tu, safu zote hizo zinasogea, na pakikosekana pa kusogea, ndege huondoka.

Wengi wa vitwitwi hao si wenyeji. Walizaliwa mwezi Juni na Julai katika nyanda za barafu za kaskazini mwa Skandinavia na Siberia, ambako kiangazi ni kifupi mno, wakashuka huku kabla baridi haijawafungia chakula. Korongo weupe wanaoonekana nyuma ya trekta na kwenye nyasi zilizoungua hutoka Ulaya kwa kupita mlango wa bahari wa Bosporus, rasi ya Sinai na bonde la Nile, kwa sababu ndege hao husafiri kwa kuelea juu ya hewa ya moto inayopanda kutoka nchi kavu, nayo juu ya bahari pana haipatikani. Kozi wa Amur, ambaye ni mdogo kuliko njiwa, hutoka mashariki ya mbali ya Asia na kuvuka Bahari ya Hindi moja kwa moja kutoka India. Mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya nao wamejaa juu ya majaruba wakati huu wa mwaka. Nchi walikotoka huwahesabu wanapozaliana. Wakianza kupungua huko, swali linalofuata ni wamepatwa na nini katika miezi ambayo hawakuwapo, na jibu la swali hilo linapaswa kutoka kwetu, hasa kwa kuwa Tanzania ni mwanachama wa makubaliano ya kimataifa ya kuhifadhi ndege wa maji wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, yajulikanayo kama AEWA.

Wapo pia ndege walio wetu zaidi. Kwera wa Taveta, mwenye rangi ya dhahabu, anayesuka viota vyake kwenye matete yaliyoinamia maji, hapatikani popote duniani isipokuwa katika kona hii ndogo ya kaskazini mashariki mwa Tanzania na kusini mashariki mwa Kenya. Mtu anayetaka kumwona ni lazima aje huku. Korongo taji, ambaye wazee wengi wanakumbuka kumwona kwa makundi makubwa mashambani, amewekwa katika kundi la ndege walio hatarini kutoweka tangu mwaka 2012. Nikimuuliza mzee wa Mabogini ananiambia kuwa wamepungua sana. Namwamini. Hata hivyo maneno ya mzee, pamoja na ukweli wake wote, hayawezi kuwekwa katika taarifa ya tathmini ya mazingira, na mwenye mradi anaweza kuyapuuza bila kuulizwa na mtu.

Ndiyo maana nasisitiza hesabu. Mkataba wa Ramsar unayo vigezo vyake vya kulitambua eneo kuwa na umuhimu wa kimataifa, na viwili kati ya hivyo vinategemea takwimu peke yake: eneo linalotunza ndege wa maji 20,000 au zaidi kwa kawaida, na eneo linalotunza angalau asilimia 1 ya idadi yote ya aina fulani ya ndege. Nyumba ya Mungu, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 140 likijaa, tayari limo katika orodha ya kimataifa ya maeneo muhimu kwa ndege. Orodha hiyo ni ya wataalamu, haina nguvu ya sheria. Ili bwawa hili litetewe mbele ya Wizara, au hata mbele ya kikao cha Halmashauri, ni lazima mtu asimame aseme: Januari ya mwaka fulani walikuwa kadhaa, mwaka uliofuata kadhaa, na maji yalikuwa kimo hiki.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji hufanyika katikati ya Januari, chini ya uratibu wa shirika la Wetlands International, kwa sababu wakati huo ndege wanaohama wametulia mahali walipokusudia, na hatari ya kuwahesabu mara mbili katika nchi mbili ni ndogo. Wahesabuji hufika kituoni alfajiri na kumaliza kabla ya saa nne, maana baada ya hapo joto la bondeni hufanya hewa iliyo juu ya maji icheze, na kupitia darubini bata mmoja huonekana kama wawili. Mmoja hutazama, mwingine huandika. Kundi dogo huhesabiwa ndege mmoja mmoja. Kundi kubwa huhesabiwa kwa mafungu: jicho huzoeshwa kwanza ukubwa wa ndege 10, kisha 100, halafu fungu hilo hupitishwa juu ya kundi zima kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kazi hurudiwa na mtu wa pili bila kuambiwa jibu la wa kwanza. Vituo havibadilishwi mwaka hadi mwaka, hata kama kituo cha jirani kimejaa ndege siku hiyo. Kinachosahauliwa na wengi ni kuandika sifuri. Kituo kisicho na ndege hata mmoja ni taarifa yenye thamani ileile ya kituo chenye ndege 1,000, na pengine zaidi.

Sasa niruhusuni nikae kidogo kwenye jambo la kwelea, kwa sababu hapa ndipo ukosefu wa hesabu unapoumiza zaidi. Nisingependa mkulima wa Chekereni asome barua hii akadhani nawatetea ndege dhidi yake. Kwelea mmoja hula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la ndege 1,000,000 linaweza kumaliza tani 10 kati ya macheo na machweo. Familia zinaingia shambani kabla ya jua kuchomoza kwenda kuamia mpunga kwa makopo, makombeo na kelele, na kuna watoto wanaokosa masomo kwa majuma kadhaa kwa ajili hiyo. Serikali inapoleta ndege ya kunyunyizia, inaleta nafuu ya kweli kwa watu hao, na kusema vinginevyo kungekuwa kuwadharau.

Lakini kiuatilifu kinachotumika kwa kazi hiyo, fenthioni, hakichagui. Hunyunyiziwa jioni mahali kwelea wanapolala, na mahali hapo mara nyingi ni matete yaleyale wanamolala yangeyange, kwarara na ndege wengine wa maji. Asubuhi moja, baada ya unyunyiziaji uliofanyika jioni iliyotangulia kwenye matete yaliyopakana na mpunga, niliwakuta yangeyange wawili wamesimama majini, mabawa yameachia, nami nikawakaribia hadi hatua mbili bila wao kuruka. Ndege aitwaye fundichuma alikuwa amelala ubavu kwenye tuta, miguu ikitikisika. Juu ya mti mwewe alikuwa akimla kwelea aliyekufa, na ndege wanaokula mizoga ya namna hiyo hupata sumu ileile. Chini ya matete akina mama na watoto walikuwa wakiokota kwelea na kuwajaza kwenye ndoo ili wakawafanye kitoweo. Hapakuwa na bango lililowekwa wala mtu aliyesimama kuwaonya. Niliwaambia nilichokijua. Baadhi walimwaga ndoo zao, wengine wakaniuliza ni nani aliyenituma, na ni swali la haki, kwa sababu sikuwa nimetumwa na mtu.

Sisemi unyunyiziaji usimame kesho. Nasema mahali pa kulala kwelea pakishajulikana, mtu mwenye darubini aende jioni moja kabla, ahesabu ni ndege gani wengine wanalala humo, na taarifa yake ya ukurasa mmoja impe afisa anayeidhinisha nafasi ya kuchagua: kusogeza siku, kuacha kipande cha matete, au kutumia njia nyingine. Njia nyingine zipo. Huko Kondoa watu wamezoea kuwatega kwelea na kuwala, bila sumu. Mtego hauwezi kumaliza kundi la mamilioni, lakini kwa kundi dogo lililoingia katika matete wanamolala ndege wa maji ungefaa kujaribiwa kwanza. Kukiwa na hesabu za Januari, afisa huyo angejua hata kabla ya msimu ni matete yapi yasiyopaswa kuguswa kwa sumu katika hali yoyote.

Jambo la pili linahusu mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa, kama hazijapata idhini kwa mujibu wa sheria. Katika ziwa ambalo maji yake hayasogei sana, kifungu hicho ni rahisi kukisimamia. Nyumba ya Mungu si hivyo. Kwa kuwa ukingo wake ni bapa, maji yakishuka kidogo hurudi nyuma mamia ya mita, na mkulima mwenye shida ya unyevu huyafuata, akapanda mahindi au nyanya kwenye tope lenye rutuba, akaweka mashine ya kusukuma maji mbele yake. Je, mita 60 zinaanzia wapi? Zikipimwa kutoka kwenye maji ya Februari, mpaka unahama kila juma, na mtendaji wa kijiji anabaki kubishana na watu bila kitu cha kuwaonyesha. Pendekezo langu ni mpaka upimwe kutoka kwenye kimo cha juu cha maji na uwekewe vigingi vinavyoonekana, kisha ndani ya eneo hilo, pale ambapo hesabu itaonyesha kuwa ndege wengi hula na kupumzika, vipande vichache viachwe bila kulimwa kuanzia Desemba hadi Machi. Vipande vichache tu. Mkulima anayeambiwa aondoke ukingo mzima hataondoka, na mimi nisingemlaumu. Anayeonyeshwa kipande kimoja chenye vigingi, na akaelezwa kwa nini, anaweza kuelewana na viongozi wake.

Kuhusu Ziwa Jipe nitasema kwa ufupi, kwa sababu matatizo yake yamezungumzwa kwa muda mrefu na nchi mbili zinalishiriki. Ziwa ni la kina kifupi, mchanga na tope huletwa na mto Lumi na kutoka miteremko ya Upare, na matete yamelizingira kiasi kwamba wavuvi wa upande wetu hupata taabu kuyafikia maji ya wazi, ambamo kuna perege wa Jipe asiyepatikana nje ya bonde la Pangani. Mtu wa ndege angetarajiwa ayatetee matete. Mimi nadhani wavuvi wana haki: njia za mitumbwi zikatwe, na zikatwe kila mwaka. Ninachopinga ni moto unaowashwa kiangazi kwa nia ya kufungua njia moja, ukateketeza ukanda mrefu pamoja na maficho ya ndege na mazalia ya samaki, halafu matete yakachipua upya kutoka kwenye mizizi mvua zinaponyesha. Ndege wakihesabiwa kwenye sehemu zilizokatwa na zilizochomwa kwa miaka kadhaa, tutajua ni ipi inayowafaa wavuvi na ndege kwa pamoja.

Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani nayo naiomba isikilize kwa upole. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua kwamba baada ya mahitaji ya msingi ya binadamu kuna maji yanayopaswa kubaki kwa ajili ya mazingira, kabla ya matumizi mengine kugawiwa. Bonde letu lina historia ya kutosha kutufundisha: chini ya Nyumba ya Mungu kulikuwa na kinamasi kikubwa cha Kirua, kilichotegemea mafuriko ya mto Pangani, na tangu bwawa lilipojengwa katika miaka ya 1960 na mtiririko kudhibitiwa, kimenyauka sana. Sijui mtu aliyehesabu ndege wa Kirua kabla ya bwawa, na leo hatuwezi kusema tulipoteza nini. Kwa Nyumba ya Mungu na majaruba ya Moshi bado tunaweza kuandika kilichopo. Bodi hupima kimo cha maji. Ikiwa kimo hicho kitaandikwa kwenye fomu ileile ya hesabu ya ndege, basi kila Januari tutakuwa na picha ya pamoja ya maji na viumbe vinavyoyategemea, na majadiliano ya vibali vya kutumia maji yatakuwa na kitu cha kushika.

Nani atahesabu? Watu wapo. Moshi ina Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, ambacho wanafunzi wake wanahitaji mazoezi ya aina hii. Shule zetu zina klabu za Malihai. Vikundi vya BMU, yaani vya usimamizi wa fukwe na rasilimali za uvuvi, vina wavuvi wanaoweza kumtofautisha mnandi na mbizi kwa namna anavyozama, na wana mitumbwi. Waongoza watalii wa ndege tulioko Moshi na Arusha tuko tayari kutoa darubini zetu na kuwafundisha wengine bila malipo. Naomba hasa wavuvi na vijana wa vijiji husika wapewe nafasi ya kwanza, na walipwe posho ya siku kama wanavyolipwa watu wengine wanaofanya kazi ya umma, kwa sababu hesabu inayofanywa na wageni peke yao huondoka na wageni. Fomu zibaki kwa afisa wanyamapori wa wilaya, nakala zisomwe kwenye mkutano wa kijiji, na nyingine zipelekwe TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, kule Arusha ili ziunganishwe na takwimu za taifa.

Liko suala la ruhusa pia. Maji mengine yaliyo bora kwa ndege yamo ndani ya uzio wa taasisi na mashamba makubwa, yakiwemo mabwawa ya kusafishia majitaka, ambayo watazamaji wa ndege duniani kote huyathamini kwa wingi wa bata na vitwitwi. Katika eneo moja kama hilo tulizuiwa getini mimi na wageni wangu, na mlinzi alikuwa na haki, maana hakuwa na maagizo yoyote. Barua ya Mkoa inayowatambua wahesabuji kwa siku zile chache za Januari ingeondoa tatizo hilo.

Gharama ni mafuta ya boti, posho, fomu, na darubini mbili au tatu za kusimamisha kwa miguu mitatu. Halmashauri za Moshi na Mwanga zikigawana, fungu la kila moja litakuwa dogo, nami nadhani utalii wa ndege unaweza kulirudisha. Nchi yetu ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na wageni wanaoshuka mlimani hukaa Moshi siku moja au mbili wakitafuta la kufanya. Mgeni anayetaka kumwona kwera wa Taveta atalala hapa, atakula hapa, na atamlipa mvuvi wa Lang'ata kumpeleka kwa mtumbwi, mradi tuweze kumwambia kwa uhakika kuwa ndege yupo na yuko wapi.

Vikao vya bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai vinaendelea sasa. Naomba kabla havijafungwa Ofisi ya Mkuu wa Mkoa iwaandikie Wakurugenzi wa Halmashauri kuingiza fungu hili, na iteue afisa mmoja atakayeratibu Wilaya za Moshi na Mwanga pamoja na Bodi ya Maji, na kuwasiliana na wenzake wa Simanjiro kwa kuwa sehemu ya bwawa iko upande wao. Nitawasilisha barua hii kwa mkono katika ofisi zenu juma hili, pamoja na ramani ya vituo vya kuhesabia vinavyopendekezwa na orodha ya vijiji vilivyo karibu navyo. Mafunzo ya wahesabuji yanaweza kuanza Oktoba, wakati vitwitwi wa kwanza wanapowasili, ili ifikapo katikati ya Januari kila kituo kiwe na watu wawili wanaojua kazi yao.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwongoza watalii wa ndege,
Moshi